Tokeni zinaisha haraka? Tafuta chanzo kabla ya kulaumu mita

Ukisikiliza wapangaji wakilalamikia stima kwenye ngazi za ploti, utadhani wote wana shida moja. "Tokeni za elfu moja zilikuwa zinanifikisha wiki mbili, siku hizi hata wiki hazifiki." Maneno ni yaleyale, kutoka Kasarani hadi Rongai, ila nyuma yake huwa kuna mambo mawili tofauti. Ama bei unayolipia yuniti moja imepanda, ama yuniti unazotumia zimeongezeka. Ukibadilisha balbu zote za nyumba ilhali tatizo ni bei, utakuwa umetumia pesa na bili itabaki palepale. Ukipigia Kenya Power, kampuni ya stima, simu kulalamikia bei ilhali tatizo ni shawa, utapoteza asubuhi nzima. Mwenye paneli juu ya paa ana jambo la tatu la kuchunguza: je, umeme wa jua unafika kwenye vyombo vyake, au unapotelea njiani?

Kwa hiyo kazi ya kwanza haihitaji bisibisi. Inahitaji simu yako.

Gawanya kwanza

Fungua ujumbe wa tokeni ulionunua karibuni. Una namba ya mita, tokeni yenyewe yenye tarakimu 20, yuniti ulizopata, na pesa ulizotoa. Ikiwa umefuta ujumbe wa zamani, piga *977# uone ulizonunua nyuma. Chukua pesa zote ulizotoa, gawanya kwa yuniti ulizopewa. Fanya hivyo kwa kila ununuzi wa miezi minne au mitano iliyopita.

Tuseme mwezi wa Machi ulitoa 1,000 ukapata yuniti 38. Hiyo ni kama shilingi 26 kwa yuniti. Mwezi wa Juni 1,000 hiyohiyo ikakupa yuniti 32, yaani shilingi 31 na kitu. Hapo usikimbilie kugusa friji wala kumkaripia mtoto kwa ajili ya televisheni. Bei ndiyo imesonga, na sababu zake ziko hapa chini. Lakini ikiwa hesabu inakupa 26 mwezi baada ya mwezi huku ukinunua mara nyingi zaidi, ruka sehemu inayofuata uende kwenye mita.

Bei ya yuniti imepanda

Sababu inayowapata wengi bila kujua ni kuvuka daraja. Tangu Aprili 2023, EPRA, mamlaka inayosimamia kawi nchini Kenya, iliwagawa wateja wa nyumbani katika mafungu matatu: wanaotumia hadi yuniti 30 kwa mwezi, wanaotumia zaidi ya 30 hadi 100, na wanaozidi 100. Bei za msingi zilizoanza wakati huo zilikuwa shilingi 12.22, 16.30 na 20.97 kwa yuniti. Zimerekebishwa tangu hapo, ila mpango wa madaraja ndio uleule.

Wengi hudhani kwamba ukivuka 100, ni zile za ziada tu zinazolipiwa bei ya juu. Sivyo. Ukihamishiwa daraja la juu, yuniti zako zote zinalipiwa bei hiyo, kuanzia ya kwanza. Piga hesabu kwa bei za 2023: yuniti 98 kwa 16.30 ni shilingi 1,597. Yuniti 104 kwa 20.97 ni shilingi 2,181. Yuniti sita zimekugharimu karibu shilingi 584, na bado hatujaweka kodi. Ukiongeza VAT ya asilimia 16 na tozo ya asilimia 5 ya umeme wa vijijini, inazidi 700 kidogo. Sijui chakula gani unaweza kupika kwa yuniti sita kikawa na thamani hiyo.

Daraja halipangwi kwa mwezi mmoja pekee. Huangaliwa wastani wa miezi mitatu. Ndiyo maana kuna nyumba ambayo wageni walikaa Desemba nzima, wakaondoka, na Januari wenyeji wakashangaa kwamba wamerudi matumizi yao ya kawaida lakini tokeni bado ni ghali. Wastani unaburuta mkia. Subiri ushuke, ila hakikisha kweli unashuka. Kumbuka pia kwamba kwa mita ya tokeni kampuni huona ulichonunua, haioni ulichotumia. Anayejaza tokeni za miezi miwili kwa mkupuo anaonekana kwenye rekodi kama mtumiaji mkubwa wa mwezi huo.

Kwa hiyo ikiwa jumla yako kwa mwezi huzunguka 95, 105, 110, wewe ndiwe mwenye faida kubwa zaidi ya kupunguza. Yuniti kumi tu zinatosha kukushusha. Mwenye kutumia 180 naye akipunguza kumi ataokoa bei ya kumi hizo, basi.

Kuhusu ile imani kwamba ukinunua usiku wa manane, au asubuhi ya tarehe mosi, unapata yuniti nyingi: saa haina maana yoyote. Tarehe inaweza kuleta tofauti ndogo kwa sababu gharama ya mafuta na ile ya fedha za kigeni hubadilishwa kila mwezi na kutangazwa kwenye gazeti rasmi la serikali. Ya mafuta hupanda mitambo ya dizeli inapofanya kazi zaidi, mfano mabwawa yakipungukiwa maji. Ya fedha za kigeni hufuata shilingi. Ilipoteleza hadi karibu 160 kwa dola mwanzoni mwa 2024, kila mwenye mita alionja. Juu ya hizo kuna marekebisho ya mfumuko wa bei, tozo ya EPRA na ya mamlaka ya maji. Hizi huwezi kuzikwepa, na zinampiga jirani yako sawasawa na wewe. Ukitaka kujua kama ni hizo, linganisha ujumbe wako na wa mtu wa daraja lako aliyenunua wiki hiyohiyo. Bei zenu zikipanda pamoja, ni tozo. Yako ikipanda peke yake, ni daraja au deni.

Deni ndilo la kuangalia ikiwa umehamia nyumba hivi karibuni. Kwenye ujumbe wa tokeni kuna TknAmt, pesa iliyoenda kwenye umeme wenyewe, na OtherCharges, yaani kodi na tozo. Mpangaji aliyetoka akiacha deni kwenye akaunti, au mwenye nyumba aliyevutiwa stima kwa mkopo akilipia kidogokidogo, makato yake yanaweza kukukuta wewe unayenunua leo. Kabla ya kulipa kodi ya kwanza ya nyumba, omba namba ya mita, uwaulize Kenya Power kama ina deni. Mwenye nyumba mwema hatakasirika.

Halafu kuna ploti zenye mita moja kubwa na mita ndogo za chumba kwa chumba. Hapa hasara imejengwa ndani ya mpango wenyewe. Vyumba kumi, kila kimoja kikitumia yuniti 40, kila kimoja kingekuwa daraja la kati kama kingekuwa na mita yake. Lakini mita kubwa inasoma 400, na 400 ni daraja la juu. Kwa bei za 2023 tofauti ni shilingi 4.67 kwa yuniti, karibu 1,870 kwa mwezi kwa ploti nzima, kabla ya kodi. Wapangaji wanalipia hiyo, na pengine juu yake kuna ada ya anayeuza tokeni za mita ndogo. Mpangaji akipunguza matumizi hapati kushuka daraja, maana daraja si lake. Linaloweza kufanyika ni mwenye ploti kuomba mita tofauti. Wapangaji mkienda kwake mkiwa na hesabu hii mkononi, ni rahisi kusikilizwa kuliko mkienda na hasira.

Bei ni ileile, yuniti ndizo zinayeyuka

Nenda kwenye mita. Mbele yake kuna taa ndogo nyekundu inayopepesa, na kando yake kumeandikwa kitu kama 1000 imp/kWh au 1600 imp/kWh. Maana yake taa hupepesa mara 1,000, au 1,600, kwa kila yuniti. Taa hiyo ni kipimo bora kuliko vingi vinavyouzwa Luthuli Avenue, na ni ya bure.

Ikiwa mita yako ni ya 1000, hesabu sekunde kati ya mpepeso mmoja na unaofuata, kisha gawanya 3,600 kwa sekunde hizo. Jibu ni wati zinazotumika wakati huo. Sekunde 36 ni wati 100. Sekunde 2 ni wati 1,800, yaani kuna kitu kinachemka mahali. Kwa mita ya 1600 tumia 2,250 badala ya 3,600. Mita ikiwa iko nje kwenye nguzo au kwenye kabati la chini la jengo, mtu mmoja asimame hapo na simu, mwingine abaki ndani kwenye breka.

Fanya hivi jioni moja. Zima swichi kuu ndani ya nyumba na uangalie taa dakika mbili au tatu. Ikiwa imetulia, mita yako iko sawa kwa kiasi hicho na hakuna aliyejiunga baada yake. Ikiwa inaendelea kupepesa huku nyumba ni giza, kuna waya unaotoka kati ya mita na swichi yako. Kwenye majengo mengi ya ghorofa huwa si wizi wa jirani. Ni taa za ngazi, taa ya geti, au pampu ya kisima ambayo fundi aliiunganisha kwenye mita iliyokuwa karibu wakati jengo linamalizika, na hakuna aliyerudi kurekebisha. Pampu ya nguvu farasi moja hutumia robo tatu ya yuniti au zaidi kwa saa. Muulize mtunza ploti huwasha pampu saa ngapi, kisha saa hiyo simama kwenye mita yako.

Mita ikitulia, washa swichi kuu, ukiwa umezima breka zote ndogo. Ziwashe moja moja, ukisoma taa kila mara. Breka ya soketi ikiwashwa na taa ikaanza kupepesa kila sekunde 40 wakati umeng'oa kila kitu, umeme unavuja. Dalili nyingine ya kuvuja ni kutekenywa ukigusa friji, mfereji wa bafuni au ukuta wenye unyevu. Hilo si la kujitafutia mwenyewe. Zima breka hiyo, ita fundi mwenye leseni ya EPRA, na usiiwashe tena hadi amalize.

Mara nyingi lakini hakuna kinachovuja. Kuna joto tu. Kila kitu kinachotengeneza joto kwa stima kinakula, na Nairobi anayekula kuliko wote ni shawa ya stima, ile ya kupasha maji papo hapo. Nyingi zina wati 5,500 hivi. Dakika kumi ni yuniti 0.9. Familia ya watu wanne, kila mmoja dakika kumi kwa siku, ni karibu yuniti 110 kwa mwezi. Shawa peke yake imeshawavusha daraja la juu kabla hamjawasha taa moja. Wakioga dakika tano zinabaki 55. Shawa nyingi zina swichi ya viwango: weka cha chini Januari hadi Machi, kile cha juu ukiachie baridi ya Julai. Na nusu ya sabuni inaweza kupakwa maji yakiwa yamefungwa. Watoto wa shule za bweni wanajua hilo bila kufundishwa.

Birika la umeme, kwa upande mwingine, linasingiziwa sana. Kuchemsha lita moja na nusu ni kama yuniti 0.15. Chemsha mara moja asubuhi, ujaze chupa ya chai, na hutahisi kitu. Pressure cooker ya umeme ni hivyohivyo. Inapika maharagwe kwa umeme mdogo kuliko sahani ya stima kwa sababu imefungwa vizuri na hujizima yenyewe ikifikia joto. Sahani iliyo wazi yenye wati 1,500 ikichemsha maharagwe saa mbili inaweza kukula karibu yuniti tatu. Pasi ni mbaya ukiitumia kila asubuhi kwa shati moja. Nguo za wiki zipigwe pamoja, pasi ikiwa imeshapata moto.

Kisha vile vinavyokesha. Ruta ya wati 10 isiyozimwa ni yuniti 7 kwa mwezi. Dekoda ya wati 12, hata televisheni ikiwa imezimwa kwa rimoti, ni 8 na zaidi. Taa ya nje ya zamani ya wati 100, ikiwaka kwa muda wa saa kumi na mbili kila usiku, ni yuniti 36, na ya LED ya wati 9 ni 3 tu. Kwa nyumba ya yuniti 200 ruta ni jambo dogo. Kwa mpangaji wa chumba kimoja anayejaribu kubaki chini ya 30, ruta na dekoda zimeshakula nusu ya nafasi yake. Ekstensheni yenye swichi, inayozimwa mnapolala, inatosha.

Friji ndiyo ngumu kuipima kwa jicho kwa sababu huwaka na kuzimika. Zima vingine vyote, kaa nayo nusu saa ukiangalia mita. Friji yenye afya hupumzika. Ikiwa injini inanguruma bila kutulia hata usiku wa baridi, bana kipande cha karatasi mlangoni na ukivute: kikitoka bila kushikwa, mpira wa mlango umechoka. Mpira mpya ni bei ndogo ukilinganisha na friji. Isogeze pia kutoka ukutani, na usiiweke karibu na jiko. Mafriji yaliyotumika huwa bei nafuu kununua na ghali kuishi nayo. Ukinunua, ipime kwenye mita kabla mwenye duka hajasahau sura yako.

Bili ya mwisho wa mwezi imeruka ghafla

Hii ni ya wale ambao bado wana mita za kulipa baadaye. Tazama kwenye bili kama usomaji ni halisi au wa kukadiriwa. Msomaji akikosa kuingia kwa sababu geti limefungwa, mtakadiriwa miezi kadhaa, kisha siku moja asome kweli na tofauti yote ije kwa pamoja. Linganisha namba ya bili na ile iliyo kwenye mita leo. Ikiwa ya bili ni kubwa kuliko ya mita, umekadiriwa kupita kiasi. Piga picha, tuma. Unaweza pia kutuma usomaji wako mwenyewe kila mwezi kupitia *977#, na mambo ya kukadiriwa yakaisha.

Una sola, na bado unanunua tokeni

Wenye sola huwa na uchungu zaidi, kwa sababu walishalipa. Kiangalie kila kisa kivyake.

Tokeni zinaisha haraka kuliko kabla ya kuweka sola. Hili linawashangaza watu na kumbe lina maelezo. Mita nyingi za tokeni hazijui mwelekeo. Umeme wa ziada kutoka kwenye paneli ukitoka kwenda kwenye nguzo, mita huuhesabu kama umeutumia, na unakatwa yuniti kwa umeme ulioutoa wewe. Mita nyingine huona ni hitilafu na kukata kabisa. Pima saa sita mchana, jua likiwa kali na nyumba haina kazi nzito: taa nyekundu ikipepesa haraka, hapo ndipo. Angalia kwenye skrini ya inveta, ile mashine inayogeuza umeme wa paneli uwe wa kutumia nyumbani, mshale wa gridi, yaani mtandao wa stima ya nje, unaelekea wapi. Chanzo huwa ama inveta haikuwekwa isirudishe umeme nje, ama ile klipu ya kupima inayozungushiwa waya mkuu imefungwa kinyume. Ikiwa kinyume, inveta inaona umeme unaotoka kama unaoingia, na kadiri inavyosahihisha ndivyo inavyokosea. Fundi anageuza klipu kwa dakika chache. Kurudisha umeme kwenye gridi kwa faida kumetajwa katika Sheria ya Kawi ya 2019, na kanuni zake zilitoka 2024, lakini ni mpaka uwe na mkataba na mita ya pande mbili. Bila hivyo, zima kabisa urudishaji.

Betri zimejaa lakini nyumba inatumia stima ya nje. Hii ni mpangilio wa inveta, na ni kisa cha kawaida kuliko vyote. Kwenye inveta nyingi zinazouzwa hapa, programu ya 01 huamua nani atumike kwanza. Ikiwa kwenye herufi USB, gridi inatangulia na sola yako ni pambo tu. SUB inaanza na jua kisha gridi, betri ikibaki kwa siku stima ikipotea. SBU ni jua, halafu betri, halafu gridi, na ndiyo inayopunguza bili. Programu ya 16 nayo huamua nani anachaji betri: OSO ni jua peke yake, SNU ni jua pamoja na gridi. Mafundi wengi huacha SNU ili mteja asiwapigie simu usiku betri ikiisha. Matokeo yake ni kwamba saa tisa usiku unanunua tokeni kujaza betri ambayo jua lingeijaza bure saa nne asubuhi. Soma kitabu cha inveta yako kabla ya kubonyeza, maana si zote zina namba hizi, na kwa betri za asidi usishushe kiwango cha kuzima kuliko kilichoandikwa.

Nyumba ndogo, sola kubwa, na bili haishuki. Inveta yenyewe inakula. Ya kilowati tano inaweza kuchukua wati 50 ikiwa imewashwa tu bila kazi. Hiyo ni yuniti 1.2 kwa siku, 36 kwa mwezi. Kwa mtu aliyekuwa akitumia 70, nusu ya matumizi yake ya zamani imekuwa gharama ya kuwa na inveta. Ndiyo maana simshauri mtu wa vyumba viwili anunue inveta ya ukubwa huo kwa sababu tu jirani anayo.

Betri haifiki saa tatu usiku. Betri moja ya asidi ya 200Ah, volti 12, ina takriban yuniti 2.4 kwa karatasi, na ukiitaka iishi miaka unatumia nusu yake. Kwa hiyo una yuniti 1.2. Friji, televisheni na taa kuanzia saa moja, zimeshaimaliza. Haijaharibika. Imepewa kazi isiyo yake. Hamisha kazi nzito zije mchana: pampu, mashine ya kufua, pasi, maharagwe, kati ya saa nne asubuhi na saa tisa alasiri. Nyumba ambayo watu wote huondoka saa kumi na mbili asubuhi na kurudi usiku haina wa kutumia jua la mchana, na kwa nyumba hiyo taima ya kuwasha pampu yenyewe ni ununuzi wa maana kuliko paneli ya nne.

Paneli zinatoa kidogo kuliko mwaka jana. Paneli ya wati 550 siku nzuri Nairobi inaweza kukupa kama yuniti mbili. Mwezi wa Julai, mawingu yakikaa tangu asubuhi hadi jioni, inashuka sana na hilo si hitilafu. Linganisha Julai na Julai, usilinganishe na Februari. Ukiondoa msimu, kuna vumbi, hasa Mlolongo, Syokimau na Utawala ambako malori ya kokoto hayaishi: osha kwa maji na kitambaa laini mapema asubuhi, kioo kikiwa baridi. Kisha panda juu saa tatu asubuhi na saa tisa alasiri utazame kivuli. Ghorofa iliyopanda pembeni, au tangi la maji lililosogezwa, likifunika kona ya paneli moja linaweza kushusha zote zilizounganishwa nayo kwa mfululizo. Kuhusu mwelekeo, sisi wa Nairobi tuko kusini ya ikweta kwa zaidi kidogo ya nyuzi moja tu, kwa hiyo paneli zinazotazama kaskazini kwa mwinamo mdogo, unaotosha mvua kuziosha, zinafaa. Mwinamo mkali wa paa la mabati linalotazama kusini utakugharimu zaidi Juni na Julai, miezi ambayo tayari ina jua kidogo.

Una hita ya maji ya sola na bili ni ya shawa ya stima. Tafuta swichi ya nyongeza, mara nyingi iko kwenye korido, ina taa nyekundu, na imewashwa tangu mlipohamia. Ikiwa imewashwa usiku kucha, kufikia alfajiri tangi limeshachemka kwa stima, na jua likichomoza halina maji baridi ya kupasha. Kupasha lita 150 kutoka nyuzi 20 hadi 55 ni yuniti 6 hivi. Kila siku kwa mwezi mzima, ni 180. Izime kabisa miezi ya jua. Miezi ya baridi, funga taima iwashe kwa muda wa saa moja tu alfajiri. Familia ikioga jioni badala ya asubuhi, huenda msiihitaji hata Julai.

Tokeni inakataa

Hili halihusu bili lakini huulizwa kila mara. Hakikisha namba ya mita ndiyo yako. Mita zote za aina hii duniani zilihitaji kusasishwa kabla ya tarehe 24 Novemba 2024, na waliochelewa hupokea misimbo miwili ya kuingiza kabla ya tokeni yenyewe, kwa mpangilio uleule wa ujumbe. Kisanduku cha kubonyezea kikiwa hakionyeshi kitu, mara nyingi ni betri zake ndogo zimeisha, au kimechomekwa kwenye soketi ya breka nyingine isiyo ya mita yako.

Ukifikia kulalamika

Nenda na karatasi yenye mambo manne: bei ya yuniti mwezi kwa mwezi, jumla ya yuniti mwezi kwa mwezi, namba iliyo kwenye mita na tarehe uliyoisoma, na matokeo ya kuzima swichi kuu. Kenya Power hupokea malalamiko kwa simu 97771 na ofisini, na unaweza kuomba mita yako ipimwe. Dai namba ya kumbukumbu ya lalamiko, uiandike. Wasipokujibu, EPRA hupokea malalamiko ya wateja ambayo kampuni imeshindwa kuyatatua, na hapo namba ile ya kumbukumbu ndiyo kitu cha kwanza utakachoulizwa. Kwa kazi ya sola, mwulize fundi leseni yake kabla hajapanda paa. Mafundi wa sola hupewa leseni na EPRA kwa ngazi, na wa ngazi ya chini hapaswi kugusa mfumo uliounganishwa na gridi.